Msiwachome

Jumamosi, baada ya Isha

Sikudhani dada Mwanaisha angekuja tamashani. Tangu mumewe, Hamad, afe kwa kuumwa na nyuki shambani, hakukanyaga kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayesimamia tamasha la nyuki hapa Ole.

Leo alikuja, akakaa nyuma peke yake. Watoto walipomaliza kuimba, jirani yetu Bwana Khamis akasimama. Alitaka nyuki walio kwenye tundu la mti wa mshelisheli, karibu na chuo cha Kurani, wachomwe leo leo.

"Wameshaua mtu mmoja," akasema.

Ningewateteaje mbele ya mjane?

Dada akainuka. "Moto haunirudishii Hamad," akasema. "Wahamisheni kwenye mikarafuu, mbali na watoto. Lakini msiwachome."

Hakuna aliyebisha. Wakati wa Magharibi mfugaji wetu wa nyuki aliwatoa taratibu, akawatia mzingani, na dada akatazama kwa mbali mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

Tulirudi pamoja. Njiani akanishika mkono.

"Bado nawaogopa, mdogo wangu."

Hata mimi nawaogopa, tangu siku aliyokufa Hamad. Sikuwahi kumwambia mtu. Leo nimemwambia.