Jino la Mbele la Hadjara

Rumonge, siku ya Ijumaa

Mudogo wangu Hadjara,

Amahoro. Pokea salamu zangu na za watu wote wa nyumba hii. Mimi niko muzima, ila miguu inavimba. Wewe huko Buyenzi uko aje? Na watoto? Naandika kwa mukono wangu mwenyewe, madarasa yangu mawili ya shule yanatosha. Simu sitaki, kwenye simu wewe unakatiza watu.

Nina hasira, Hadjara. Binti yako Warda alinipigia, akasema yule dantisiti wa Bujumbura amekataa kukuwekea jino la vis, lile la kufunga kwa skrubu ndani ya taya. Eti aliyeng'oa jino la zamani aliharibu mufupa. Mimi! Zubeir! Nani hapa Rumonge hajafungua mudomo mbele yangu? Wavuvi, wenye mawese, watu walitoka hata Muhuta na shavu limevimba kama andazi. Miaka arobaini, koleo moja. Jino la kunishinda halijaota.

Warda akasema ulinitetea. Ulimwambia dokta kwamba kaka yako aling'oa meno wakati yeye bado ananyonya, ukachukua mukoba ukatoka, ukaapa haurudi. Nikasema, huyo ndiye mudogo wangu.

Basi Jumatatu nikapanda basi bila kukuambia, nikaenda kumufokea. Huyo Dokta Elda ni mutoto kabisa, vidole kama vya mushona nguo. Nikamuuliza mbele ya wagonjwa wake nani alimufundisha kutukana wazee. Hakukasirika, na hiyo ikanikasirisha zaidi. Akanipa kiti, akanionyesha picha ya taya lako. Akasema jino la mbele limeshikwa kwa nje na ukuta wa mufupa, mwembamba kama ganda la yai. Yeye halitikisi kwa nguvu. Anakata nyuzi zinazolishika, polepole, nusu saa nzima, pembeni, mpaka litoke na ukuta ubaki muzima. Ukuta ukivunjika, fizi inakosa pa kuegemea, inabonyea ndani, na vis haina pa kushika. Nikamwambia jino moja nusu saa ni uvivu. Wagonjwa wakacheka. Sijui walimucheka nani.

Akasema njia bado iko. Anajaza unga wa mufupa, anashona fizi juu yake, munangoja miezi kama sita, ndiyo anafunga vis. Lakini hapo mahali hapakungoji: kila mwezi unaokaa nyumbani umenuna, mufupa unazidi kuisha.

Nimerudi na hasira yangu, na siku nne hizi nimekosa wa kumupa.

Siku ile ya Ramadhani nilipokung'oa jino, ulikuwa umefumba macho. Wanawake wa jirani walikuwa wanatazama, nikataka litoke mara moja, wanisifu. Nikatikisa kwa nguvu, nikasikia kitu kinalia ta! Likatoka. Kwenye muzizi kulikuwa na kipande cheupe, chembamba, kimeshikamana nao. Ukafumbua macho, ukaniuliza ni nini. Nikasema ni uchafu wa jino, nikakitupa kwenye moto. Haukuwa uchafu. Miaka arobaini, Hadjara, mufupa naujua.

Dokta hakukosea. Umemutukana bure. Umeacha kuongoza kasida kwenye harusi kwa sababu upepo unatoka hapo mbele, na mimi nimenyamaza tangu Ramadhani. Hata pale kwenye kiti chake, picha iko mbele yangu, sikuweza kusema. Na wewe pia nakukasirikia: kwa nini uliniamini bila kuuliza mara ya pili?

Rudi kwake. Mwambie ni kaka yako aliyevunja, na kwamba alijua.

Nisalimie Warda, na watoto wote wa mulango wako. Barua hii umusomee Warda. Usinijibu kabla haujaenda kwa dokta.

Ni mimi kaka yako mukubwa,
Zubeir