Baba, Ulinishonea Joho la Padiri

Baba yangu mpendwa,

Leo asubuhi nimecheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika, kwa sababu nimekumbuka ile siku ya mavazi shuleni. Nimeona si vizuri nicheke bila wewe, ndiyo maana nakuandikia.

Ulikuwa mwaka 1991, mimi niko darasa la nane, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Biryogo nzima, mtaa wetu wa Kigali, ilijua kwamba nikimaliza nitakaa kwenye cherehani ya pili pale kibarazani kwako. Ulikuwa umeshainunua. Kila mteja uliyempima ulimwonyesha na kumwambia, "Hii ni ya binti yangu." Uliyasema hayo kwa fahari, nami niliinamisha uso, kwa sababu nilitaka kuendelea na sekondari na sikuwa na ujasiri wa kukwambia.

Kisha mwalimu akatangaza siku ya mavazi. Wadogo wangevaa vipepeo na simba. Sisi wakubwa, tuliokwisha kuona aibu ya vipepeo, tuliambiwa kila mmoja avae kazi anayoitaka. Basi darasa zima likapagawa. Mmoja alikata boksi la sabuni akapata kofia ya rubani. Mwingine alijifunga shuka la mama yake awe muuguzi, na mwingine akawa mtangazaji wa redio, gunzi la hindi mkononi. Mimi nikaona hapa ndipo pa kupenyea.

"Baba, mwalimu alisema kila mutu avae kazi yenye anataka. Mimi nataka joho ya jaji."

Ulikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono ndipo ukajibu. "Jaji. Nyeusi?"

"Nyeusi, Baba."

"Haya."

Hukuuliza zaidi. Fundi gani wa Biryogo angemuuliza mtoto namna ya kushona? Ulikuwa unawashonea Waislamu wenzetu kanzu nyeupe na mapadri wa parokia kanzu nyeusi, na kwako vazi jeusi refu la mtu mwenye cheo lilikuwa moja tu. Nami nililivaa mbio mbio bila kioo, nikifurahia vifungo vyake. Vilianza kooni vikaishia miguuni, Baba!

Nilipoingia darasani, mwenzangu mmoja akapiga magoti. "Padiri, nimetenda dhambi!" Wakapanga foleni. Binti wa Kiislamu, mtandio kichwani, naungamisha darasa la nane lote. Hata mwalimu aligeukia ubao, mabega yakimtetemeka. Zamu yangu ya kueleza kazi ilipofika, nilifungua mdomo tu, wakaitikia "Amina," nikaanza kulia.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikakutupia nguo mezani, kitu ambacho sikuwahi kukifanya wala sikukirudia. "Hii ni ya padiri! Baba, hujawahi kuona jaji?" Mama alishika mdomo, akijua kofi linakuja. Wewe ulipapasa ile kola kwa vidole, polepole, ukasema, "Sijaona. Kesho twende tumuone."

Na kweli ulifunga kibaraza siku ya kazi, wewe uliyekuwa unafunga kwa Idi na misiba tu. Tulitembea mpaka mahakamani, tepu yako bado shingoni, tukakaa benchi la nyuma. Jaji alipoingia nilingoja uanze kumkosoa mshono. Badala yake uliniinamia sikioni.

"Nieleze. Bega iko namna gani?"

Nikakutazama. Ulikuwa umekaza macho, lakini upande ambao jaji hakuwepo. Hapo ndipo nilipojua. Nilijua kwa nini siku hizo ulishona kwa kupapasa, na kwa nini ulinunua cherehani ya pili. Ulihitaji macho, na macho yenyewe yalikuwa yangu. Niliogopa sana, Baba.

Nikakueleza. Mikono mipana, marinda madogo mgongoni, kitambaa cheupe kinachoning'inia kooni. Hukuninyamazisha, basi nikaendelea: jinsi bibi mwenye kesi ya shamba alivyosimama, jinsi jirani yake alivyokwepa kumtazama, jinsi jaji alivyoweka kalamu chini ili amsikilize. Niliendelea mpaka askari akatukemea.

Tulikuwa tunakaribia nyumbani. "Ile yote umeniambia, niliiona," ukasema. "Mutu mwenye anaeleza hivi, machine ya kushona itamuziba mudomo. Utasoma, mwana wanjye, mwanangu."

"Na macho yako, Baba?"

"Macho ni yangu. Wewe uliniomba joho, hukuniomba macho."

Ulitangulia mwanzoni mwa 1993, kitandani mwako, Mama akiwa amekushika mkono. Mwaka uliofuata, watu walipouawa nyumba kwa nyumba, nilimshukuru Mungu kwamba hukuwepo, kisha nikaona aibu kwa kushukuru. Hayo sitayaandika hapa. Nayaongea kazini, kwa niaba ya wasioweza kuyaeleza, maana sikuwa jaji. Nimekuwa wakili, na domo langu bado halijazibwa.

Una mjukuu, Baba. Ana miaka kumi na tatu, na shule yao nayo ina siku ya mavazi. Nilimtajia daktari, mhandisi, nikamtajia hata wakili, akakunja pua. Anataka kuwa mfuga nyuki. Nimemshonea vazi mwenyewe kwa chandarua, na mshono umepinda vibaya. Ungeufumua wote bila kuniomba ruhusa.

Mwezi uliopita nilipewa miwani. Kabla ya hapo, jioni moja, herufi za faili zilikuwa zinanikimbia, nikamwita mjukuu wako anisomee ukurasa mmoja. Alikuwa mlangoni, mpira kwapani, wenzake wanamngoja. Nilimwangalia, nikamwambia, "Nenda kacheze." Ilinichoma, Baba, na ulikuwa ukurasa mmoja tu, dakika tano. Wewe uliniambia niende, na kwako haikuwa dakika tano, ilikuwa miaka yote iliyokubakia.

Pumzika kwa amani, fundi wangu. Asante.

Mimi binti yako