Majivu niliyojazia kopo la Espérance

Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika, ziwa lina rangi ya chuma, na hii ni siku ya tatu sijafungua kitabu.

Nimefanya jambo baya, na nimelifanya kwa adabu.

Mpwa wangu Espérance, aliyekulia Goma, anafundisha kemia sekondari moja ya Rugerero. Jirani na shule, akina mama wasukaji wa vikapu huchemsha katani kwenye rangi, kisha maji ya zambarau huyamwaga mtaroni, na mtaro unaishia mto Sebeya. Dawa ya kusafisha maji hayo Espérance ameitafuta miezi mingi kwenye majivu ya magunzi ya mahindi. Huyachemsha na kostiki ya watengeneza sabuni, huyachuja, hutia asidi tone kwa tone mpaka yagande kama uji, kisha hukausha na kusaga. Hupata unga mweupe wa chembe ndogo mno, hata hadubini ya shule haizioni. Chembe hizo hunasa rangi. Mara ya kwanza niliona kwa macho yangu glasi ya maji ya zambarau ikigeuka maji safi.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma magunzi, magunzi peke yake, na kujaza kopo aliloniachia. La kwanza nililijaza. La pili, magunzi kutoka Cyanzarwe yalikuja yameloa, mengine yakaoza kabla hayajakauka, na majivu yakafika nusu tu. Mimi nimekulia ukimbizini, Karagwe, kwa mama ambaye hakurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu au nusu. Tukikosa kabisa, alijazia viazi vya jana. Nikaona aibu kumpa mpwa wangu kopo nusu.

Nikajazia majivu ya makaa kutoka jikoni.

Majivu ni majivu, nilijiambia. Mimi, niliyesoma miaka yote hii.

Jumamosi Espérance akawaonyesha akina mama unga wa kopo hilo. Walikuwa wamekubali kwamba maji yakisafika, hawatamwaga tena mtaroni. Alikoroga unga, akachuja, akasubiri. Maji yakabaki ya zambarau. Kiongozi wao, Mama Furaha, mwenye ulimi wa sokoni, akachungulia glasi na kusema, "Mwalimu, donc umetupikia uji ya rangi?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Espérance naye alicheka kidogo. Mimi niliketi kwenye benchi nikitazama viatu vyangu. Kabla hatujaondoka, mapipa mawili yalikuwa yameshamwagwa mtaroni.

Jana alikuja nyumbani kuniambia anaacha. Hata ile mara ya kwanza sasa haiamini. Anasema huenda alitamani sana maji yasafike mpaka akayaona safi. Nilimmiminia chai. Nikamwongezea sukari.

Usingizi ulinikataa. Leo, mvua ilipopungua, nilipanda pikipiki hadi shuleni nikamweleza yote, nimesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Hakupandisha sauti. Aliuliza kwanza habari za kopo la kwanza, nikamhakikishia kwamba lile halikuchanganywa na kitu. Akaandika hayo kwenye daftari lake, na jina langu pembeni. Kisha akaweka kalamu chini.

"Marume," akasema, hivyo ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake, "maji ingekuwa safi siku ile, ungeniambia?"

Nilitazama dirishani. Akanihurumia, akafunga daftari.

"Bon. Jumamosi tunarudi kwa wale bamama. Ni we utawaelezea."

Nitawaeleza. Nitachoma magunzi mengine, atatengeneza unga mpya, na Mama Furaha atanicheka apendavyo. Hilo naliweza. Lakini swali la mpwa wangu nimerudi nalo hadi hapa mezani, na jibu lake ninalo tangu nikiwa pale shuleni.

Nisingemwambia.