Somo Liliweza Kungoja

Bugembe, Jumanne

Na mimi ndiye niliyemwambia apumzike.

Nambozo, binti wa dada yangu, alinipigia simu leo kutoka Mbale akilia. Chuo chake ni cha mtandaoni. Mtu huanza somo mwezi wowote apendao. Mdogo wake alipokaribia kutahiriwa, na ngoma za imbalu, sherehe yetu ya tohara, zikawa hazilali, nilimwambia, "Mwanangu, cheza na wenzako. Somo litakungoja."

Somo lilingoja kweli. Ufadhili unaomlipia ada haukungoja. Wafadhili wana muhula wao wa miezi minne, na ndani yake lazima umalize masomo mawili. Yeye amemaliza moja.

Nikaanza kumfafanulia tofauti ya kalenda hizo mbili. Akanikatiza, "Mjomba, mafunzo hayo ungenipa kabla ya ngoma!"

Nikamwomba anitumie kanuni za wafadhili, nikazisoma zote. Zimebaki wiki sita za muhula wao, na lipo somo fupi la wiki sita, la takwimu, linaloanza kesho.

"Takwimu, Mjomba? Unanichukia?"

Lakini amejiandikisha. Akilifeli, ufadhili umekwisha, na hapo sitakuwa na la kueleza.