Ganda la Miiba

Zenon, lile ganda la miiba nililookota bustanini ni sumu. Sumu kabisa!

Bwana shamba Andwele kaliona leo. "Wilibrodi, mtu akila mbegu zake anapagawa. Mtoto anakufa."

Na zimeshagawiwa! Juzi mkutanoni niliuliza tu kama kuna anayelijua. Mwenyekiti akalipasua, akasema, "Hili ni zao jipya la kijiji!" Kila nyumba ikapata mbegu kumi. Nikapigiwa makofi. Mjinga mimi nikacheka.

Tangu asubuhi napita nyumba kwa nyumba kuzidai, nikiwaambia ni sumu. Hakuna aliyenirudishia hata moja. Cornelia kaniambia mlangoni, "Unataka ulime peke yako? Bepari wewe!" Bepari, mimi! Nina jembe moja.

Mwenyekiti anasema lililopitishwa na mkutano litatenguliwa na mkutano, Jumamosi.

Basi nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu Adela alete zetu nizichome. Kasema alizimwaga kwenye kihenge cha ulezi zisiliwe na panya, kama alivyofanya kila mwanamke hapa Kasense.

Zenon, ulezi ndio tunaokula. Nimekaa mbele ya kihenge na ungo mkononi. Mbegu zenyewe ni ndogo, sijui nianzie wapi.