Kaya Zilizobaki: Sifuri

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kyela
Tarehe: 12 Mei 2025, saa tatu asubuhi
Jina la shahidi: Asifiwe Amon Mwaipasi
Umri: Miaka 33
Kabila na dini: Mnyakyusa, Mkristo
Kazi: Mtunza kanzidata, Mradi wa Salama Bondeni
Makazi: Ndandalo
Kuhusu: Kifo cha mwanaume mmoja katika mafuriko ya tarehe 9 Mei 2025
Jina la marehemu: ..............................

Mimi mwenye jina hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu mbele ya Koplo Prisca. Ameniomba niache lugha ya kompyuta nizungumze kama mtu. Nitajitahidi, ila pakiwa pagumu anivumilie, kwa sababu kilichomuua mzee huyu kimejificha hapohapo pagumu.

Jina la marehemu nitalitaja mwisho. Mkamwana wake, Kisa, amekaa kwenye benchi nje ya mlango huu, na mlango uko wazi. Kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, na akimwona njiani anakwepa. Wengi siku hizi wameacha, lakini nyumba ile hawajaacha, na sioni sababu ya kumpigia kelele za jina hilo masikioni leo.

Kazi ya mradi wetu ni kuandikisha kaya zote za bonde la chini, upande wa Makwale. Kila kaya imeandikwa kwa jina la mkuu wake. Mto ukifurika, watu wanabebwa kwa boti hadi ukumbi wa kanisa. Wakifika wanaandikishwa kwenye jedwali la waliofika, watoto kwenye mstari wa mama yao, na kila mtu mzima anaulizwa ametoka kaya ya nani. Kisha kompyuta inaulizwa swali moja: kaya zipi hazimo kati ya waliofika? Jibu linatokea kwenye kioo chini ya maneno "Kaya zilizobaki", na boti zinakwenda kwa jibu hilo.

Mnamo tarehe 9 Mei 2025, siku ya Ijumaa, mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa. Majira ya saa nne asubuhi maji yalikuwa yameshafunika majaruba ya mpunga, na mikeka ya kuanikia kokoa ilikuwa inaelea barabarani. Nilikuwa ukumbini pamoja na mratibu wetu, mzee Eliya, na mwandikishaji, Winnie, ambaye ametoka Dodoma na hana muda mrefu huku. Boti ya injini ilikuwa ya Emanueli, Mkisi, kabila la wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa. Siku nyingine hubeba vyungu vya mama yake kupeleka sokoni. Yeye na wenzake wa mitumbwi walikuwa wanapishana majini bila kupumzika.

Majira ya saa sita mchana niliangalia kioo. Kilisema kaya zilizobaki ni sifuri.

Mzee Eliya ni mtu wa kufurahia sifuri. Alipiga makofi, akawaambia watu waimbe, akampigia Emanueli simu afunge boti anywe chai. Wakaanza wimbo. Mimi sikuimba. Muda mfupi kabla ya hapo orodha ilikuwa ndefu, na tangu hapo ilikuwa imeingia boti moja tu, yenye mama mmoja na watoto wake. Orodha haiishi hivyo. Inapungua kidogo kidogo, kaya hii, kaya ile. Hii ilikuwa imekatika ghafla kama umeme.

Nilimwambia mzee Eliya, "Mratibu, hiyo sifuri siiamini."

Akasema, "Wewe binti, habari njema zinakuuma nini?"

Nikakaa kutafuta. Kwanza niliangalia kama nimefungua kanzidata ya mazoezi badala ya ile ya kweli, maana hilo limeshawapata wengi. Ilikuwa ya kweli. Nikaangalia majina ya vitongoji, kwa sababu mtu akigusa nafasi moja ya ziada mwisho wa jina, kompyuta huona ni kitongoji kingine. Yalikuwa sawa. Tarehe zilikuwa sawa. Ndipo nikaiambia kompyuta ihesabu mistari yote ya waliofika, kisha ihesabu safu ya jina la kaya peke yake. Hesabu hizo zilipaswa kulingana. Zikapishana kwa moja.

Hapo nikajua. Chombo cha kuhesabu safu hukiruka kisanduku kitupu. Maana yake kuna mtu mmoja ameandikishwa bila jina la kaya.

Afande ameniuliza kisanduku kimoja kitupu kinawezaje kufuta kaya zote nyingine. Ni hivi. Kwa kompyuta, kitupu si sawa na hakuna. Kitupu ni "sijui". Ukiiuliza nani hayumo kwenye orodha fulani, na ndani ya orodha hiyo mna "sijui" mmoja, haiwezi kuapa kuhusu mtu yeyote kwamba hayumo, kwa sababu huenda huyo asiyejulikana ndiye yeye. Basi haitaji hata mmoja. Na haisemi kwamba imekwama. Haipigi kelele, haiandiki kwa wino mwekundu. Inakupa orodha tupu, na wewe unaimba.

Nikamfuata Winnie na kumwonyesha mstari wenyewe. Ulikuwa wa Kisa, yule mama wa boti ya mwisho.

Winnie akasema, "Nilimuuliza mkuu wa kaya ni nani. Akainamisha kichwa. Nikarudia, akanyamaza. Foleni ilikuwa ndefu, nikamruka."

Nikamtazama Kisa. Alikuwa amekaa karibu na mlango na mtoto mapajani, kanga imelowa hadi kifuani. Hakuhitaji kunieleza. Mume wake yuko machimboni Chunya, kaya imeandikwa kwa jina la baba mkwe, na Winnie alikuwa anamdai mbele ya watu wote neno ambalo hajawahi kulitamka tangu aolewe.

Nikarudi kwa mzee Eliya. Nilimwambia kuna watu bado wako majini na kwamba njia nzuri ni kuliandika upya lile swali ili liruke visanduku vitupu. Ingechukua muda kidogo, pamoja na kulijaribu.

Akanijibu kwa ukali, "Watu wanazama wewe unataka kufungua injini? Si ni kisanduku kimoja? Kijaze."

Niliona ana hoja. Ninamjua mzee wa nyumba ile, nimesali naye kanisa moja tangu utoto. Nilimwinamia Winnie nikamnong'oneza jina, akaliandika. Kioo kikajaa. Kaya kumi na moja zikatokea palepale, na mzee Eliya akashika kichwa kwa mikono miwili akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu." Kisa alikuwa ametuona. Alinyanyuka kidogo, akakunja magoti, akanishukuru kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini, "Ndaga, dada." Nikampungia mkono. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Afande, hiyo "ndaga" hainiachi. Ninaisikia hata nikiwa nasafisha vyombo.

Emanueli alitumiwa orodha kwenye simu akaondoka. Majira ya saa nane alinipigia. Upepo ulikuwa mkali, alikuwa anapayuka. Alisema, "Dada Asifiwe, kuna mzee nilimwacha nyumba ya mwisho kabisa, karibu na mto. Nilipomchukua yule mama na watoto alikataa kupanda. Alisema nitangulize hao, nirudi kumchukua yeye. Kwenye orodha simwoni. Niende?" Akamtaja.

Niliangalia kioo. Nikamwambia, "Kaya hiyo imeshafika."

Akasema, "Basi mtumbwi umempitia. Sawa."

Sikusema uongo. Kaya ilikuwa imefika. Kompyuta yetu haijui watu, inajua kaya, na mtu mmoja wa kaya akiandikwa, kaya nzima inahesabiwa imeshuka salama. Mimi ndiye niliyemnong'oneza Winnie lile jina. Nilimwambia Emanueli kile kioo kilichoniambia, na kioo kiliniambia kile nilichokiambia mimi. Nilipaswa kusikia katika maneno yake kitu nilichokijua tangu nikiwa mtoto: mzee yule asingeweza kukaa boti moja na mkamwana wake, magoti yakigusana. Hakukataa kuokolewa. Alikuwa anampisha.

Afande ameniuliza ingekuwaje kama swali lingeandikwa upya na kisanduku kikaachwa kitupu. Mstari wa Kisa ungerukwa, na kaya ya baba mkwe wake ingetokea kwenye orodha pamoja na zile kumi na moja. Kaya kumi na mbili. Nimelijaribu Jumamosi kwenye nakala ya kanzidata, na ndivyo ilivyotoka. Mzee Eliya hajui kama nimelijaribu. Leo atajua.

Majira ya saa kumi boti ya mwisho iliingia. Kioo kikasema tena sifuri, na safari hii niliiamini. Niliipima kwa njia zote ninazozijua, ikakubali. Watu walikuwa wanakula ugali na dagaa. Mvua ilikuwa imetulia, na mto ulisikika hadi ndani ya ukumbi.

Kisa alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye nilisikia kwa wengine kwamba kila boti ilipofika alitoka kutazama, kisha akajificha nyuma ya nguzo, kwa kuwa hakutaka kukutana naye uso kwa uso akishuka. Boti ya mwisho alitoka, akajificha, akatoka tena. Emanueli alikuwa anafunga kamba.

Akaja kwangu. Akasema, "Dada, yule mwingine hajaja."

Nikasema, "Yupi, mama?"

Akainamisha kichwa.

Nilimuuliza, "Lakini mchana mbona hukusema yuko nyumbani?"

Akasema, "Si mlimwandika? Niliwaona mkimwandika. Nikajua anafuatwa."

Nilikimbia kwenye maji hadi magotini nikimwita Emanueli. Alikuwa amechoka, mikono imechubuka, lakini alinitazama mara moja tu. Alifungua kamba. Nilitaka kupanda naye akanikatalia. Mzee Eliya aliingia majini na viatu vyake akasimama pembeni yangu.

Emanueli alirudi giza likianza kuingia. Alisema nyumba ya mwisho haipo, imebaki migomba michache iliyolala. Alisema alizima injini akaita jina mara nyingi. Alilitaja jina lenyewe kwa sauti, na Kisa alikuwa pale. Alijifunika uso kwa kanga akageukia ukuta, na hata wakati ule sikujua kama ni kilio au ni heshima. Nadhani ni vyote.

Mwili ulionekana kesho yake asubuhi katika shamba la kokoa, mbali kidogo chini ya mto. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kandambili moja. Fimbo alikuwa ameifunga mkononi kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amejiandaa kwa safari.

Nimeulizwa nani mwenye kosa. Mimi si hakimu. Winnie hakuijua desturi yetu. Mzee Eliya alitaka boti ziondoke haraka, na watu wa kaya kumi na moja wako hai. Kisa alitii alivyofundishwa, na sitaki mtu yeyote amguse huyo mama kwa neno. Mimi niliijua desturi na nilikijua kisanduku, vyote viwili, na nilikuwa nimekaa katikati. Nimeumia na ninaona aibu, na ninaomba hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Tangu jana kanzidata inamuuliza kila anayefika: nani amebaki nyumbani? Jibu linaweza kuwa jina, au "mzee", au kunyoosha kidole tu.

Sina lingine. Nimesomewa niliyoyasema, nimeyaona ni yangu, na ninatia sahihi.

(Sahihi) A. A. Mwaipasi

Maandishi ya mpokeaji wa maelezo:
Nimeyaandika mimi, Koplo Prisca, kwa Kiswahili, shahidi akiwa na akili timamu. Kabla ya shahidi huyu, Kisa alihojiwa katika chumba hiki. Alikuwa amemtambua marehemu hospitalini kwa koti na fimbo alivyoonyeshwa, akiwa ameugeuzia mwili mgongo. Alipoulizwa jina alinyamaza, na sehemu hiyo niliiacha tupu. Saa tano kasoro nimefunga mlango kwa ombi la shahidi Asifiwe. Amelitaja jina kwa kunong'ona, na kabla sijaandika ameniuliza kama nina hakika kwamba likishaandikwa hapa mtu huyu hatapotea tena. Nimemjibu kwamba jalada liko wazi. Nimejaza.

Jina la marehemu: Angetile Mwasyoge, miaka 74, mkuu wa kaya.