Kilima Changu na Ziwa la Byamungu

Mpendwa Mama Constance, naomba msaada wako, maana hapa Muheto nikimwambia mtu, habari itafika kanisani kabla yangu.

Mimi ni Myriam, ndiye ninayetunza kompyuta ya chama chetu cha wakulima, ina mfumo wa Linux na inatumia umeme wa jua, na tangu mwanzo sote tuliingia kwa jina moja na neno la siri moja kama watu wanaokula sahani moja, mimi asubuhi, na mchana, nikiwa nimesharudi nyumbani kukimbia mvua, anakuja Byamungu, kijana wa Shasha aliyepanga hapa, kuandaa masomo ya kilimo. Tukikutana sokoni ananiambia tu, "Jambo dada, mvua iko karibu," nami naitikia nikiangalia viatu vyake. Lakini asubuhi moja nilikuta ameweka kwenye skrini picha ya ziwa la kwao, nikaibadilisha nikaweka kilima chetu na maharage yenye maua, kesho yake nikakuta mitumbwi, nikaweka ng'ombe, ikaendelea hivyo mpaka nikawa nachana nywele ili nikaangalie skrini.

Kisha mtu akafuta somo la mwenzake, wakubwa wakaniagiza kila mtu awe na akaunti yake, na nikazitengeneza kwa mikono yangu hii, na karatasi yenye neno la siri la kuanzia la Byamungu nikamwachia mlinzi wa chama ampe. Sasa kila asubuhi nakuta kilima nilichokiweka mimi mwenyewe. Nalitamani lile ziwa, Mama, jina la Byamungu naliona kwenye skrini kabla sijabonyeza langu na moyo unaniuma. Kwa kuwa ni msimamizi naweza kufungua folda yake nione ameweka picha gani, na Kyakimwa mwenye duka hapa jirani ananiambia, "Dada, weye njo uko na fungulo ya nyumba yote, unaogopa nini? Angalia tu, hatajuwa." Jana nilikaribia kufungua. Nifungue?

*

Myriam, usifungue. Ulipewa ufunguo wa wote kwa sababu wanakuamini, na ukiingia leo kwa mapenzi, kesho utaingia kwa wivu. Huyo Kyakimwa muulize kufuli la duka lake ni la nini.

Pole, mwanangu. Kukosa kitu ambacho hukuwahi kuambiwa ni chako kunauma sana, na huwezi hata kukililia mbele ya watu.

Lakini nikugombeze kidogo. Ulikuwa na sababu halali ya kukaa na huyo kijana meza moja, ukaituma kwa mlinzi. Mlinzi ndiye unayemtaka?

Sasa fanya hivi. Tengeneza folda moja ya watu wote, chama kitaihitaji hata hivyo, weka ndani picha ya kilima chako, na safari hii iwe na jina lako. Kisha chukua mwavuli ubaki mpaka mchana. Byamungu akija, mwambie lile neno la siri la kuanzia inabidi alibadilishe mwenyewe, hata wewe usilijue, na hapo hutakuwa umedanganya. Muulize pia kama ana mke, kabla moyo haujaenda mbali. Anapoandika, geuza uso, ndiyo adabu. Akimaliza, mwambie unalikumbuka ziwa lake.

Na viatu vyake umeshaviona vya kutosha. Mwangalie usoni.